Shajara ya mradi: kompyuta ya shule isiyoiona diski yake

Jumatatu, mapokezi

Imeingia leo mchana. Imebebwa na wanafunzi wawili kutoka shule moja ya sekondari huku Kadutu, Bukavu, na mama sekreteri akawafuata nyuma na kibodi kwapani. Ni kompyuta ya mnara, Pentium II, rangi ya maziwa iliyogeuka njano. BIOS yake, yaani programu ndogo ya ubao mama inayoiamsha mashine na kutafuta diski, ni ya kampuni ya Award, ya mwaka 1998, mfumo wake ni Windows 98. Kwa umri huo wengi wangeipeleka moja kwa moja kwenye vyuma chakavu, ila hii ina mali ndani.

Mali yenyewe ni alama za wanafunzi, muhula kwa muhula, tangu mwaka wa shule 1998-1999 hadi shule ilipopata laptopu. Palmaresi za karatasi, yaani orodha za matokeo, za miaka hiyo zilikaa kwenye kabati moja. Paa likavuja, na zilizosalia mchwa wakazimaliza. Waliosoma hapo sasa ni wazazi. Wako Goma, Uvira, Lubumbashi, wengine nje ya nchi, na bado wanarudi kuomba nakala ya buleti (ripoti ya alama) kwa ajili ya faili la chuo au la kazi. Hivi sasa kuna baba mmoja anasubiri alama zake za mwaka wa tano. Mama sekreteri amenieleza haya yote kabla ya kunieleza ugonjwa wa mashine, na amefanya vizuri, kwa sababu yamenionyesha nianzie wapi.

Ugonjwa wenyewe, kwa maneno yake: "Mwanangu, inawaka vizuri, inapiga ule mlio wake, halafu inaniambia haina diski. Sasa nani ameitoa? Ufunguo wa ofisi ninao mimi."

Nimeiwasha akiwa amekaa hapa. Skrini nyeusi, maandishi meupe: kwanza inalalamika kwamba kumbukumbu ya mipangilio imeharibika na kwamba imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kisha inahesabu RAM. Kisha inatafuta diski, inakaa, inakaa, inasema hakuna. Mwisho inaomba iwekewe disketi ya mfumo.

Fundi mwingine alishaipitia kabla yangu. Alichomoa diski, akachomeka ya kwake ya GB 40 kwa kebo ileile, mashine ikaganda pale inapotafuta diski. Akasema ubao mama umekufa na diski nayo pengine imeondoka nao. Uamuzi huo siukubali, na nitaeleza kwa nini, maana jaribio la namna hii limezika mashine nyingi zikiwa nzima. BIOS nyingi za Award za miaka ile huipima diski kwa silinda, vichwa 16 na sekta 63, na idadi ya silinda haiwezi kuvuka 65,535. Zidisha vyote hivyo, kisha zidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata GB 33.8. Ukiipa diski kubwa kuliko hapo, hesabu inaishinda na inaganda. Kwa hiyo diski ya GB 40 haikuonyesha kwamba ubao umekufa. Ilionyesha kinyume chake: ili igande pale, ni lazima BIOS iwe imeongea na diski na kupewa ukubwa wake. Njia ya kwenda kwenye diski ni nzima, angalau ilikuwa nzima siku ile.

Nimeandika kwa kalamu nene kwenye karatasi na kuibandika juu ya kasha, kwa sababu kwenye atelie yetu mikono ni mingi: ALAMA KWANZA, MASHINE BAADAYE. HAKUNA KUFOMATI. HAKUNA KUWEKA WINDOWS UPYA.

Jumanne, kufungua na kusikiliza

Vumbi la Bukavu ni jekundu, na kiangazi linapanda hata ghorofani. Ndani ya kasha limelala juu ya kila kitu, na kwenye feni ya prosesa limeshikana na mafuta mpaka limekuwa kama blanketi. Nimelitoa kwa brashi laini ya rangi. Kompresa ya gereji siitumii kwenye kompyuta, inarusha maji pamoja na hewa.

Kapasita zilizo kando ya prosesa nimezitazama moja moja kwa tochi. Vichwa bapa, hakuna iliyovimba, hakuna ute wa kahawia chini yake. Ubao wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ungenipa wasiwasi zaidi, maana huo ndio wakati kapasita mbovu zilipoenea katika bodi za kila aina. Huu umetangulia.

Mbele ya kasha, pale panapokaa kisoma CD, pana shimo lililozibwa kwa kipande cha katoni na utepe. Nimeliandika tu hapa, sijui bado kama lina maana.

Kisha kusikiliza. Niliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya diski na mpini wake sikioni, nikamwambia mwanafunzi wangu wa kazi awashe. Diski ilianza kuzunguka taratibu, ikapanda mpaka sauti yake ikatulia kwenye mvumo mmoja. Hapakuwa na mkwaruzo wala ule mlio wa "tak, tak, tak" wa kichwa kinachotafuta njia na kurudi. Nilifurahi kwelikweli. Diski inayogonga hivyo huzimwa mara moja na haiwashwi tena kwa udadisi, kwa sababu kila mzunguko unaweza kuchuna kitu kilichokuwa bado kinasomeka. Hii inazunguka kwa afya. Ugonjwa uko kwenye mazungumzo kati yake na BIOS.

Umeme wa diski: kwenye ile plagi ya pini nne, waya mwekundu ni volti 5, wa njano ni 12, miwili myeusi ya katikati ni ardhi. Nimepima huku diski ikizunguka, kwa sababu pawasaplai dhaifu huonyesha namba nzuri ikiwa haina mzigo. Nyekundu 5.08, njano 11.9. Kinachoruhusiwa ni kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani njano isishuke chini ya 11.4. Pawasaplai imepita.

Jumatano, betri

Mtaa hauna umeme kutwa nzima. Jirani ana grupe (jenereta), lakini voltage yake inapanda na kushuka kila mtu anapowasha pasi, na diski hii siipi umeme wa namna hiyo. Nimechukua kazi isiyohitaji umeme.

Betri ya ubao mama ni CR2032, kile kidude cha mviringo kama sarafu, volti 3. Ndiyo inayoiwezesha saa kutembea na BIOS kukumbuka mipangilio wakati mashine haina umeme kabisa. Mita inaonyesha 0.9. Imekwisha. Mama sekreteri alisema mashine ilichomolewa ukutani likizo kubwa yote, Julai na Agosti, kwa kuogopa radi za mwanzo wa mvua. Betri iliyokuwa inajikongoja ilimalizikia hapo.

Nimeshuka Nyawera kununua nyingine. Nenda na mita mfukoni, na mwuzaji asikasirike: betri nyingi mezani zimekaa juani miaka. Ya kwanza niliyopima ilikuwa 2.7, nimeirudisha; niliyochukua ni 3.2.

Umeme ulirudi usiku. Nikaingia BIOS kwa kubonyeza Delete. Angalizo kwa wanaotumia kibodi ya AZERTY kama sisi: BIOS hizi zinadhani kibodi ni ya Kimarekani. A na Q zimebadilishana, na namba za safu ya juu unaziandika bila kushika Shift. Nimeweka tarehe na saa, nimehakikisha njia zote mbili za IDE (zile za kebo za diski) zimeruhusiwa, nimehifadhi, nimezima, nimechomoa waya ukutani, nimesubiri, nimewasha. Tarehe imebaki. Lalamiko la kumbukumbu limeondoka.

Diski bado haionekani.

Hapa ndipo watu wengi hutupa taulo: umebadilisha ulichokiona kibovu, na hakuna kilichobadilika. Nimekaa nikiiangalia ikitafuta, na kuna kitu nimekiona. Njia ya pili ya IDE, isiyo na kifaa chochote, inajibiwa palepale: hakuna, hakuna. Njia ya kwanza, penye diski, inakaa muda mrefu kabla ya kusema hakuna. Pangekuwa patupu, pangejibu haraka kama ile ya pili. Kuna kifaa pale kinachosema "nina shughuli, ningoje", na BIOS inachoka kungoja. Nitalala na wazo hilo.

Alhamisi, jampa

Asubuhi nimepiga simu shuleni.

"Mama, shikamoo. Kompyuta hii haikuwa na kisoma CD?"

"Marahaba. Kilikuwepo. Papa Prefe alikihamishia kwenye mashine ya ofisi yake wakati wa likizo. Ni kosa?"

"Hapana Mama, si kosa. Umenisaidia sana." Papa Prefe ni mkuu wa shule.

Kwa wasiojua kebo hizi pana: kabla ya SATA, kebo moja ya IDE ilibeba vifaa viwili. Kimoja kinakuwa Master, kingine Slave, na kila kimoja kinaambiwa cheo chake kwa jampa, kile kikofia kidogo cha plastiki chenye chuma ndani kinachounganisha pini mbili mgongoni mwa kifaa. Kwenye mashine hii diski ilikuwa Master na kisoma CD kilikuwa Slave, kebo moja.

Diski ni Western Digital, GB 6.4. Lebo yake ina mchoro mdogo wa pini, na kwenye mchoro huo hali si mbili, ni tatu: Slave, Master mwenye mwenzake, na diski iliyo peke yake. Diski za kampuni nyingine nyingi hazitofautishi hizi mbili za mwisho. Hii inatofautisha. Na jampa yake ilikuwa imekaa kwenye Master mwenye mwenzake, kama ilivyopaswa wakati kisoma CD kilipokuwepo.

Sasa mwenzake ameondoka. Inapopata umeme, diski inangoja ishara ya Slave kwamba naye amejikagua na yuko tayari, na kanuni za ATA, zinazoongoza diski za IDE, zinairuhusu ingoje hadi sekunde 31. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni na ufunguo, anamsubiri mwenzake aliyekwisha hama. BIOS haina subira hiyo. Inaandika hakuna, inaendelea mbele.

Na ya fundi wa kwanza nayo inaeleweka: diski yake ya GB 40 ilijibu haraka kwa sababu jampa yake haikuwa na hali hii, kisha ikakumbana na ule ukuta wa GB 33.8. Vizuizi viwili tofauti, vimeangukia mlango mmoja.

Nimeitoa jampa kwa kibano na kuilaza ubavu juu ya pini mbili ambazo mchoro wa lebo unaonyesha kwa diski iliyo peke yake. Hapo haiunganishi chochote chenye kazi, ila haipotei. Nimehakikisha mstari mwekundu wa kebo uko upande wa pini ya 1, jirani na plagi ya umeme. Nimewasha, nimeingia kwenye ukurasa wa kutafuta diski.

Ikajibu palepale, jina lake na ukubwa wake.

Tumepiga makofi atelie nzima, hata fundi wa redio wa mlango wa pili aliyekuja tu kuomba risasi ya kuchomelea.

Ukurasa ule haukuishia kwenye jina. Award inaleta mistari mitatu ya kuchagua: LBA, Normal na Large. Ni namna tatu za kutafsiri mahali data ilipo. Normal inaishia kwenye MB 528, haiwezi kuwa imetumika kwa diski ya GB 6.4 yenye kizigeu kimoja, yaani isiyogawanywa. Nimechagua LBA, nimehifadhi. Jambo hili si dogo. Diski iliyoandikwa kwa tafsiri moja ikifunguliwa kwa nyingine, mfumo unaenda kusoma pasipo penyewe, na ukiandika huko unaharibu.

Halafu nikazima. Wanafunzi wa kazi hawakunielewa, walitaka kuona Windows 98 ikiwaka. Lakini Windows ikiwaka tu inaanza kuandika: faili lake la kubadilishana na RAM, rejista yake, na kama mara ya mwisho ilizimwa vibaya, ScanDisk, programu yake ya kukagua diski, inajianzisha yenyewe na kuanza "kutengeneza". Siwezi kuiruhusu iguse alama za watu kabla sijawa na nakala.

Ijumaa, nakala

Diski imetolewa kwenye kasha na kuunganishwa kwenye laptopu yenye Ubuntu kwa adapta ya IDE kwenda USB. Jampa imebaki hali ya peke yake, ndiyo adapta inayoitaka. Nimezima kwanza ule utaratibu wa laptopu kufungua diski yenyewe ikichomekwa. Adapta ina chaja yake ya ukutani, na hapo ndipo penye hatari: umeme ukikatika laptopu inaendelea kwa betri yake, lakini diski inazimika katikati ya kazi. Nimeiweka chaja kwenye onduleri, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika.

Programu ni GNU ddrescue. Hainakili faili moja moja, inanakili diski nzima, sekta kwa sekta, na panaposumbua inaparuka kwanza ili ikamate panaposomeka, kisha inarudi kwenye pagumu baadaye. Inaandika ramani ya ilipofika.

ddrescue -d -n /dev/sdb shule.img shule.map

Hakikisheni mara mbili jina la diski kwa lsblk kabla ya kubonyeza Enter. Anayegeuza chanzo na mwisho anafuta kile alichokuja kukiokoa.

Ilienda vizuri, kisha kuelekea theluthi ya mwisho ikapunguza mwendo, namba ya makosa ikaanza kupanda kidogokidogo. Umeme wa mtaa ulikatika. Onduleri ilishika kwa muda, nayo ni ya zamani, ikalia, ikazima. Ramani ndiyo iliyotuokoa: umeme uliporudi nilitoa amri ileile, na kazi ikaanzia pale ilipoachia, haikurudi mwanzo. Kisha duru ya pili, ya kurudia pagumu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb shule.img shule.map

Yaliyobaki bila kusomeka ni kilobaiti chache tu katika GB 6.4 nzima. Diski nimeifunga kwenye mfuko, nimeandika tarehe, iko kabatini. Kuanzia sasa kazi yote inafanyika juu ya nakala, na nakala ina nakala yake kwenye flashi.

Jumamosi, faili

Kizigeu cha kwanza kwenye diski za enzi hizo huanza sekta ya 63, na 63 mara 512 ni 32,256. Kwa hiyo:

sudo mount -o ro,loop,offset=32256,codepage=850,iocharset=utf8 shule.img /mnt/shule

Ile "ro" ni ya kusoma bila kuandika. Zile "codepage" na "iocharset" ni kwa ajili ya majina yenye alama za Kifaransa. Bila hizo, folda za muhula zinaweza kutokea na herufi zisizosomeka.

Zimo. Folda kwa mwaka, ndani yake folda kwa darasa, ndani yake majedwali ya Excel 97, na LibreOffice inazifungua bila shida. Mama sekreteri amekuja na miwani yake na daftari. Aliyeziandika ni yeye mwenyewe, na alikuwa anataja majina kabla sijashuka kwenye orodha. Mwaka wa tano, sehemu ya ualimu, namba ya kumi na moja kutoka juu: yule baba anayesubiri. Alama zote za mihula yote miwili, asilimia, na mwenendo "mzuri sana" kwenye safu ya mwisho. Mama amenakili kwa mkono kwanza, kisha ndipo akaniambia niprinti.

Tumepitia mwaka kwa mwaka, tukifungua kila faili, si kutazama jina tu. Faili lenye jina zuri linaweza kuwa tupu ndani. Yote yamefunguka isipokuwa moja, la muhula wa pili wa darasa moja la mwaka 2003. LibreOffice inasema limeharibika. Hapo ndipo zile kilobaiti zisizosomeka zilipoangukia, na kwa darasa lile si kilobaiti chache, ni watu.

Bado sijaliachia. Windows 98 na Excel huacha mabaki: faili za muda zenye jina linaloanza na alama ya mawimbi (~), na nakala ambazo mtu alihifadhi kwa jina lingine. Nimetafuta kwenye nakala nzima faili lolote la .xls na .tmp la wiki zilezile. Nimepata moja la .tmp lenye orodha ya majina ya darasa hilo na alama za masomo karibu yote; safu mbili za mwisho hazimo. Mama anasema mwalimu wa hisabati wa wakati ule yuko Bagira na hatupi karatasi, atampigia.

Yaliyobaki kufanyika:

Diski yenyewe nitairudishia ddrescue kwa kusoma kinyume, kutoka mwisho kuja mwanzo, kwa kutumia -R na ramani ileile. Wakati mwingine kichwa kikiijia sekta kutoka upande wa pili inakubali. Nitafanya hivyo usiku, umeme unapokuwa mtulivu zaidi, na nikisikia mlio wowote wa kugonga nazima.

Shule imepewa nakala kwenye flashi moja kwa mama sekreteri na moja kwa Papa Prefe, zikae majengo tofauti. Faili zote nazigeuza pia kuwa PDF na kuziacha za Excel kama zilivyo.

Kompyuta yenyewe: mama anaitaka irudi, amezoea kibodi yake. Nitaiwekea kadi ya CompactFlash kwa adapta ya IDE badala ya diski, GB 4 zinatosha na hazifiki kwenye ukuta wowote wa BIOS hii. Kwa printa ya nukta ya ofisi bado ina kazi. Ndani ya mlango wa kasha nimebandika karatasi yenye hali ya jampa, neno LBA, na tarehe ya betri, kwa fundi atakayeifungua baada yangu.

Jumatatu nasubiri simu ya kutoka Bagira.